Niliwafungia Wezi, Nikawaachia Wageni

Siku mliyoniaga pale bohari, bosi alisimama akasema mimi ni mtu ambaye hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Niliinamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Kumbe nilikuwa nazihesabu zilizonishinda, na keki ikakatwa kabla sijamaliza.

Tangu siku hiyo hamnipi nafasi. Fundi Saidi tuandikie, Fundi Saidi tuachie kitu, sisi tuliobaki tujifunze. Haya basi. Nimekaa hapa Buyenzi barazani kwangu, miwani puani, chai ya tangawizi pembeni, na mke wangu anapita kila mara kuuliza kama bado naandika au nimeshalala. Sitawasimulia nilipanda cheo lini, maana cheo changu kilibadilishwa jina mara nyingi kuliko kilivyopanda. Nitaanza na siku ya kwanza, halafu nitawapa ile ya Kinanira, ambayo najua ndiyo mnayoitaka na mnaona haya kuniuliza.

Mimi nilikulia gereji. Baba alikuwa fundi wa magari, na mikono yangu ilijua spana kabla ya kujua kalamu. Kwa hiyo nilipochukuliwa kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, kwenye bohari la unga na mafuta ya kupikia, nikaonyeshwa kompyuta ya mhasibu iliyojaa vumbi la unga, sikuona shida yoyote. Nilikwenda kwa baba nikaazima pampu ya umeme, ile ya kujazia matairi upepo, nikaifungulia yote juu ya kibodi. Lo! Herufi ziliruka kama senene. Nyingine ziliingia chini ya magunia, moja niliitoa ndani ya kikombe cha chai. Nikaziokota zote, nikazifuta moja moja kwa shati, nikazirudisha kwa utaratibu niliofundishwa shuleni: A, B, C, D, mpaka mwisho. Nilijisifu kweli kweli. Nilisema moyoni kwamba aliyezipanga kule kiwandani lazima alikuwa amelewa. Mhasibu akarudi kutoka kula, akaandika jina la mteja, akatazama kioo, akapangusa miwani, akaandika tena. Mchana ule hakuna lori lililotoka bohari.

Aliyeniokoa ni Papa Kasongo, mkuu wangu, Mkongomani wa Bukavu aliyeanza na redio kabla ya kompyuta kufika mjini. Mtu wa tumbo mbele, shati la kitenge lililopigwa pasi hata siku ya kubeba magunia. Hakunicheka mbele ya watu. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya magunia, akacheka huko mpaka ikabidi akae chini. Alipopata pumzi akasema, "Kijana, we uko na mikono ya muzuri sana. Kichwa ndiyo bado tunaingojea."

Nilichojua baadaye nilikijua kwake. Alinifundisha kusafisha kwa brashi laini ya rangi, na kusugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa kifutio cha mtoto wa shule mpaka yang'ae. Alinifundisha pia kwamba ukifungua mashine ya mtu, parafujo uziweke kwenye kisahani, si mdomoni, somo nililolipata baada ya kumeza moja. Lakini kubwa lake lilikuwa jingine. Hakugusa mashine kabla ya kukaa na watu. Atasalimia, ataulizia watoto, atakunywa maji, halafu ndipo aulize nani alikaa nayo mwisho.

Kulikuwa na kompyuta ya langoni iliyokuwa inagoma kuwaka asubuhi za masika. Mimi nilibadilisha waya, nikabadilisha kila kinachobadilishika, nikaandika ripoti ndefu kuhusu unyevu wa ziwa. Papa Kasongo alikwenda kupiga soga na zamu, mlinzi wa lango. Aliporudi akaniambia kwamba zamu hulaza koti lake la mvua nyuma ya mashine likauke, kwa sababu pale panatoka upepo wa moto. Ripoti yangu ilikuwa nzuri, ina hata vichwa vya habari. Tuliitumia kufungia maandazi.

Sasa Kinanira. Papa Kasongo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mimi nilikuwa ndiye mkubwa pale kazini, naitwa "mtaalamu" na watu wasiojua ya kibodi. Siku za mapumziko nilikuwa naitwa majumbani. Mmoja wa walioniita ni Mzee Leonidas, mwalimu mstaafu, nyumba yake iko juu kabisa mlimani, ukisimama uani unaliona ziwa lote. Alikuwa na ugonjwa wa koo. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba sauti itaondoka kabla yake. Binti yake wa pekee, Divine, anaishi Kanada na watoto ambao babu hajawahi kuwabeba. Basi mzee alikuwa anajirekodi kwenye simu, anawasimulia kila kitu wakati sauti bado ipo: majina ya mababu, kaburi gani liko kilima gani, jinsi alivyomposa mama yao akakataliwa, akarudi tena.

"Fundi, hii simu mi siiamini," aliniambia, na sauti tayari ilikuwa inakwaruza. "Kesho wataiiba kule sokoni, nibakie bubu kweli. Nataka mahali pa kuweka sauti yangu, mwizi asiingie."

Mwizi. Neno hilo ndilo lililonipoteza, maana nilikwenda kuwawaza wezi tu.

Nilimnunulia seva ndogo ya nyumbani, kisanduku cheusi chenye diski mbili ndani, nikakiweka kwenye kabati la sebuleni kando ya televisheni. Nilipogeuka kuchukua waya, nikakuta Mama Divine, mke wa mzee, ameshakifunika kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake ameweka maua ya plastiki.

"Mama, hii inapumua kwa nyuma. Ukiifunika itakufa."

"Na vumbi, fundi? Wageni waingie, waone kitu iko uchi mu salon yangu?"

Tulibishana kwa heshima zote mpaka tukaafikiana: kitambaa kikae chini ya mashine, maua yasogee kwa televisheni. Huo ndio mkataba mgumu kuliko yote niliyowahi kufunga kazini.

Halafu nikaanza ulinzi wenyewe. Nikafuta lile jina la msimamizi ambalo mashine hutoka nalo kiwandani. Nikaweka neno la siri refu hivi kwamba mimi mwenyewe nililikosea mbele ya mteja, nikasingizia kibodi. Nikaziba kila tundu linalotoka kwenda kwenye intaneti. Nikaongeza onduleri, lile sanduku la betri, umeme ukikatika mashine isizimike ghafla. Nikampa mzee hotuba: diski ni mbili, kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, moja ikifa nyingine inabaki. Simu yake ilikuwa na nafasi ndogo, basi nikaipanga itume kila sauti kwenye mashine, halafu iifute simuni. Mzee akapiga makofi. Mimi, wallahi, nilikaribia kuinama kama mwanamuziki.

Mashine ikauliza swali moja la mwisho: mtandao huu ni wa nyumbani, au ni wa mahali pa watu wengi? Ukijibu "nyumbani", basi yeyote aliye ndani anafungua mafaili bila kuulizwa neno. Vidole vya mzee vilikuwa vinatetemeka, sikutaka ahangaike kuandika. Nikajibu "nyumbani". Swali lile lilitungwa na mtu ambaye kwake wanaishi watu wawili na paka. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, nimekulia nyumba ambayo hatukuwahi kujua usiku gani wamelala wangapi, na sikukuna hata kichwa. Nikazima na pipa la taka, pale ambapo vilivyofutwa husubiri kwanza, kwa kuwa niliona linakula nafasi bure. Nikafunga mkoba wangu, nikashuka mlima nikipiga mluzi.

Sauti ya mzee ikaondoka kama daktari alivyosema, na baada ya majuma machache naye akaifuata.

Mnajua kilio kilivyo kwetu. Nyumba inakuwa ya watu wote mpaka siku ya kuondoa kilio, matanga yanapoanuliwa. Viti vinaazimwa, hema linafungwa uani, ndugu wanashuka kutoka milimani na wengine wanavuka kutoka Uvira, na kila anayeingia anapewa mkono, anapewa kiti, anapewa maji. Siku hizi kuna jambo la nne: anapewa kode ya wifi, neno la siri la kuingilia mtandaoni. Kaka yake Mama Divine, Gaspard, mfanyabiashara wa Mutanga Nord, mtu mwema mpaka anachosha, alichoka kuitaja kwa kila mgeni. Akaiandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani, chini kidogo ya picha ya marehemu.

Simu zikaingia mtandaoni, na simu zikakiona kisanduku. Kisanduku kikawakaribisha wote, maana nilikiambia hapa ni nyumbani. Wajomba wakaweka picha za mazishi, wanakwaya wakaweka nyimbo zao, kuna aliyeweka na filamu za mapigano, Mungu amsamehe. Mashine ikajaa. Mpiga video aliyeitwa na familia akalalamika kwamba mazishi hayana pa kukaa. Gaspard, kwa ule wema wake, akafungua kompyuta yake, akakuta folda iliyojaa mafaili yasiyo na picha, majina yake ni herufi na namba tu, kwa kuwa mtaalamu hakuyapa majina. Akayafuta. Zile diski zangu mbili zikatii kwa pamoja. Kinachofutwa huku kinafutwa na kule, na hilo sikulitia kwenye hotuba.

Mimi nilipigiwa simu na Mama Divine.

"Fundi, kuja. Muzee hasemi tena."

Ndipo nilipojua kwamba tangu mazishi alikuwa anafungua sauti moja kila asubuhi, kabla wageni hawajajaa. Nilipanda Kinanira sijui hata nilipandaje.

Na nilipofika, mnadhani nilifanya nini? Nilikaa na watu? Niliulizia hali zao? Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine, nikafungua kumbukumbu za nani aliingia, nikaona majina ya ajabu ajabu mengi, nikasimama katikati ya waombolezaji nikatangaza, "Mama, mmeingiliwa. Kuna wezi kutoka mbali wameingia humu." Wanawake wakashika vifua. Mchungaji mmoja akaanza kuwakemea hao wezi kwa jina la Yesu, na watu wakaitikia amina. Mimi mwenyewe, Mwislamu, nikajikuta nimeitikia. Nilipoinua macho nikaiona karatasi ukutani.

"Hii nani ameibandika?"

"Ni mi," Gaspard akajibu, tena kwa furaha. "Wageni walikuwa wanasumbuka, nikasema bon, tuwasaidie. Na mashine yako nimekusafishia, fundi. Ilikuwa imejaa takataka, vitu ya manamba manamba tu."

Mama Divine alikuwa amekaa chini kwenye godoro, kati ya wanawake, kitenge kichwani. Alimgeukia kaka yake.

"Gaspard," akasema, "umemufuta bwana yangu?"

Gaspard akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, mtu mzima yule, akaanza kulia. Sikumkasirikia hata kidogo. Yeye alifanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu angefanya kwenye kilio. Niliyemkasirikia alikuwa amevaa shati langu.

Nilichomoa waya. Vijana, hili lishikeni hata kama mengine yote mtayasahau: kilichofutwa bado kipo chini, mpaka kingine kiandikwe juu yake. Mpiga video alikuwa bado anamimina mazishi kwenye diski zile zile, na kila dakika ilikuwa inakula sauti ya mzee. Zima kwanza, maelezo baadaye.

"Utamurudisha?" Mama Divine akaniuliza nilipokuwa nafunga kisanduku kwenye taulo.

"Nitajaribu, Mama. Inshallah."

"Divine ameshindwa kuja, makaratasi yamekataa. Siku ya kuondoa kilio atakuwa kwenye simu. Nimemuahidi atamusikia baba yake. Niambie tu, fundi, ndiyo ao apana?"

Nilibeba kisanduku nikaondoka.

Nilikifungulia hapa hapa barazani. Kwanza nilitoa nakala ya diski nzima, kipande kwa kipande, nikaificha ile ya asili kabatini nisije nikaimalizia. Halafu nikaiachia programu ya kutafutia ipite juu ya nakala, ikisaka chochote kinachoanza kama sauti inavyoanza. Kazi hiyo haina ushujaa. Unakaa, unasubiri, umeme unakatika, unaomba onduleri ivumilie. Nilikuwa natoka tu kuswali na kurudi, na kwenye sala sikuwa naomba jambo jingine.

Sauti zilirudi nyingi, lakini zilirudi vibaya. Zile ndefu, alizojipanga mzee akakohoa akaanza na mababu, zilikuwa zimekatika. Anataja babu, katikati inaingia kwaya, halafu kimya. Zilizorudi nzima ni zile fupi tu, za mwanzoni, alipokuwa anajaribu kama simu inashika. Nilikaa na vipande vile nikalia, nawaambia ukweli. Nilikuwa napelekea familia makombo.

Asubuhi ya kuondoa kilio nikapanda navyo. Safari hii nilikaa. Nilipeana mikono, nikaulizia wageni waliorudi makwao, nikanywa maji niliyopewa mpaka mwisho wa glasi. Halafu nikamweleza Mama Divine yote bila kupaka rangi: mababu wamekatika, makaburi yamepona machache, yaliyobaki ni maneno ya ovyo ovyo.

"Maneno gani ya ovyo?"

"Mzee anajaribu maikrofoni, Mama."

"Leta."

Nikamwomba kwanza tuifunge mashine vizuri. Wageni niliwafungulia mtandao wao wa peke yake, wanapata wifi lakini kisanduku hawakioni kabisa, na karatasi ya Gaspard ikabaki ukutani bila kumdhuru mtu. Nikaondoa lile neno "nyumbani". Kila mtu sasa anaingia kwa jina lake, anaona kilicho chake, na wa kufuta ni mmoja tu, Mama Divine. Pipa la taka nikaliwasha. Diski ya tatu, yenye nakala ya yote, nikampa Gaspard akae nayo kwake Mutanga Nord, izimwe, iletwe mara moja kwa mwezi kujazwa yaliyo mapya. Aliipokea kwa mikono miwili. Nadhani hata kitandani analala nayo.

Ikabaki kode ya Mama Divine mwenyewe. Nikamwandalia kibodi, nikasogea pembeni, nikangojea anitajie nimwandikie, kama ilivyo desturi kwa wateja wangu wote.

"Geuka, fundi."

"Mama?"

"Angalia kule. Hii ni yangu."

Miaka yangu yote ya kazi, na hakuna mteja aliyewahi kunifanyia hivyo, wakati ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Nikageuka nikatazama ukuta. Nyuma yangu nilimsikia akibonyeza, moja, anatafuta, nyingine. Simu ilikuwa mezani, Divine yuko upande wa pili na watoto wake, wanasubiri. Halafu akafungua faili lililokuwa juu kabisa.

Ukatoka mkwaruzo kidogo, kiti kikalia, na sauti ya mzee ikajaa sebule, ile ya zamani, bado ina nguvu, inapiga kelele kuelekea jikoni:

"Mama Divine! Eh, Mama Divine! Kuja uone, hii kitu inanishika kweli!"

"Nakuja, Papa Divine," akajibu mkewe, na nikasikia amesimama.